Silabi na Sauti katika Nyimbo za Regina Spektor

Katika Marekani na Ulaya wako waimbaji ambao hutunga maneno na lahani wenyewe, na huanza kazi yao pasipo kutegemea makampuni makubwa ya santuri. Mmoja wao ni Regina Spektor. Alizaliwa Moscow mwaka 1980, na mwaka 1989 akahamia New York pamoja na wazazi wake, akakulia Bronx. Piano yao ilibaki Urusi. Ikambidi afanye mazoezi kwa piano aliyoikuta chini ya sinagogi. Mkusanyo wa kwanza wa nyimbo zake, "11:11", aliutoa mwenyewe mwaka 2001.

Jambo lipasalo kuangaliwa na wataalamu wa lugha ni jinsi aitendeavyo silabi. Waimbaji wengi huivuta irabu ili ijaze lahani, yeye huikata. Katika "Fidelity" (2006) irabu ya neno moja la Kiingereza hukatwa vipande vingi, kwa kulifunga koo na kulifungua upesi, mfano wa hamza ya Kiarabu. Hata hivyo maana haipotei, kwa kuwa konsonanti huja mwishoni kulifunga neno, na msikilizaji akalitambua.

Je, ufundi huu waweza kuingizwa katika Kiswahili? Hapo pana shida. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, hata neno halina kifungo mwishoni. Tena irabu ikirudiwa huhesabiwa kuwa mizani nyingine, na pengine huzaa neno jingine: kufa si kufaa, wala kukata si kukataa. Kweli, waimbaji wa taarabu huzivuta irabu na wakaeleweka. Lakini kuvuta si kukata; irabu iliyovutwa hubaki moja sikioni, na iliyokatwa husikika kuwa mbili. Mtungaji atakayeujaribu ufundi huu hana budi kuchagua maneno yasiyogeuka kwa kurudiwa irabu, au kuyaweka mahali pa vina, ambapo msikilizaji amekwisha kuelekezwa neno litakalokuja.

Yaweza kudaiwa kwamba mikato hiyo ni madoido tu. Dai hilo lingekuwa na nguvu kama mwimbaji huyu hangekuwa na kitu kingine. Lakini katika "Après Moi", wimbo wa mwaka huo huo, hutoka katika Kiingereza akaingia Kifaransa, kisha huimba beti za mshairi Boris Pasternak kwa Kirusi chenyewe, bila ya tafsiri. Asiyejua Kirusi hafahamu maneno, ila husikia kwamba sauti imebadilika na kutulia, kama ya mtu anenaye lugha ya kwao. Yamkini ndiyo sababu ya kupendwa kwake: kwamba kila lugha aitumiayo huiacha isikike kwa umbo lake, pasipo kuificha nyuma ya lahani.

Basi, atakayetaka kuupima ufundi huu katika Kiswahili na aanze kwa masikio ya wasikilizaji wenyewe, aone ni wapi kufa husikika kuwa kufaa.