Saa ya Nyimbo Katika Ratiba ya Watoto Wetu



Kila trimestre inapoisha, mmoja wetu hufika kwenye mkutano na buletini ya mtoto mkononi na swali lile lile mdomoni. Hesabu mtoto amepata kidogo, Kifaransa kidogo, lakini ukitazama ratiba ya wiki unakuta saa ya nyimbo, saa ya kuchora, saa ya kazi za mikono, saa ya mchezo, na juu ya hayo somo la dini na misa ya shule. «Mimi nimemtuma akasome. Kuimba ataimba siku ya Mungu.» Ndivyo mama anavyosema, na wengine wanaitikia kwa kichwa.

Hatumcheki mama huyo. Tangu shule ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Watoto wanabanana kwenye benchi, mwalimu ni mmoja, na huko mbele mtihani wa mwaka wa sita unawangoja wote. Mwalimu akikosa muda, saa anayoikata kwanza ni ile ya nyimbo. Akikata hesabu wazazi watakuja kugonga mlango wa direkta. Akikata nyimbo hakuna atakayekuja. Hivyo saa hiyo inakufa polepole, bila mtu kutangaza kilio chake.

Wiki hii tunataka kuitetea, na hatutaenda mbali kutafuta ushahidi. Ushahidi uko hapa Kamina.

Mwezi wa tisa mwaka 1953, padri Mfransiskani kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliwekwa kuwa mkubwa wa shule ya misioni mjini, ile iliyoitwa Shule ya Kati ya Kamina. Alikuwa na miaka karibu 32. Wakati ule Base yetu bado ilikuwa ya askari wa Ubelgiji, waliokuwa wameanza kuijenga miaka michache kabla, na mji wenyewe ulikuwa mji wa reli: gari la moshi lilipita hapa kati ya Katanga na Kasai tangu 1928. Hali ya nyimbo kanisani wazee wanaijua. Wamisionari wengi walikuwa wamekataza ngoma, wakisema ni mambo ya wapagani, na watoto walifundishwa nyimbo za Ulaya kwa lugha wasiyoielewa. Mtoto alikuwa na sauti mbili, moja ya nyumbani na moja ya misioni, na hakuruhusiwa kuzichanganya.

Padri huyu alifanya kinyume. Miezi michache tu baada ya kufika, aliunda korali ya watoto karibu 45, wa miaka tisa hadi kumi na minne, pamoja na walimu 15 wa shule ile ile. Waliiita Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule. (Jina hilo ni la siku zake, tunalitaja kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye sahani.) Waliimba nyimbo za hapa na kupiga ngoma za hapa. Kisha wakachukua maneno ya misa, Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei, yakiwa katika Kilatini kama Kanisa lilivyotaka, na wakayatia ndani ya nyimbo zetu.

Tuangalie namna walivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye somo. Hapakuwa na karatasi yenye nota. Mwimbaji mmoja alianza, wengine wakaitikia, mwingine akaongeza sauti ya chini, ngoma zikawajibu. Kilichopendeza walikibakiza, na kesho yake kiliweza kubadilika kidogo. Mtu aliyesimama mbele na kuimba peke yake alikuwa mwalimu Joachim Ngoi. Kwa hiyo walimu hawakukaa pembeni na kusahihisha. Walikuwa ndani ya duara pamoja na wanafunzi. Kila mama aliyewahi kuimba kwenye kilio au kwenye ndoa anaijua shule ya namna hiyo. Hakuna aliyetufundisha kwa kitabu, na bado kila mtu anajua pa kuingilia.

Misa hiyo, iliyoitwa Missa Luba, iliimbwa kwa mara ya kwanza ndani ya misa kwenye misioni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina, tarehe 23 Machi 1958.

Tukiisikiliza leo, tunatambua vitu vya nyumbani. Kyrie inakwenda kwa mtindo wa kasala. Wamama wenye asili ya Kasai hawahitaji maelezo: kasala ni yale maneno marefu ya kumsifu mtu na kumlilia, kumwita kwa majina yake na ya wakubwa wake. Fikiria mtoto wa miaka kumi akimwomba Bwana huruma kwa sauti ambayo kwao humlilia marehemu. Katika Credo, kabla ya kufika maneno ya kusulubiwa, ngoma inapiga habari ya kifo, kama inavyopigwa kijijini mtu anapokufa. Hakuna katekista ambaye angeeleza Ijumaa Kuu vizuri kuliko ngoma ile. Sanctus ilitoka katika wimbo wa kuagana, Hosana ni mchezo wa Kasai wa kucheza kwa miguu, na Agnus Dei imejengwa juu ya wimbo wa Bena Luluwa wa upande wa Luluabourg, yaani Kananga ya leo.

Wengine huuliza kwa nini misa ya Kamina imejaa nyimbo za Kasai. Sisi tunaona jibu liko kwenye reli. Wafanyakazi wengi wa reli na wa migodi walitoka Kasai na jamaa zao, na watoto wao walikaa benchi moja na watoto wa Baluba wa hapa. Shule ile haikuwauliza kwanza nani ni wa wapi. Ilichukua wimbo wa kila mmoja. Katika mkoa ambao baadaye uliona watu wakifukuzana kwa sababu ya asili zao, jambo hilo si dogo.

Mwaka ule ule wa 1958 korali ilisafiri Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, waliimba pamoja na watoto wa korali maarufu ya Vienna, na sauti zao zikatiwa kwenye sahani ya Philips. Miaka miwili baadaye nchi ilipata uhuru, Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai 1960, na yaliyofuata hapa Base wazee wetu wanayajua kuliko sisi. Sahani lakini iliendelea kutembea. Mwaka 1964 Mwitalia Pasolini alitia Gloria katika filamu yake ya Injili ya Matayo. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitia Sanctus katika filamu yake «if....», ambamo kijana wa shule ya bweni anaicheza sahani hiyo tena na tena. Watu ambao hawangeweza kuonyesha Kamina kwenye ramani walizijua sauti za watoto wa Kamina.

Na majina yao? Anayeishika sahani hiyo anajua jina la padri. Wachache wanajua jina la mwalimu Ngoi. Wale watoto 45, nani anawajua? Muziki ulitoka vinywani mwao na katika nyimbo za jamaa zao, bila nota, na hata hivyo duniani kote kazi inatajwa kuwa ya Guido Haazen. Yeye alifungua mlango, na tunamshukuru. Alifariki Ubelgiji mwaka 2004. Lakini anayefungua mlango si peke yake anayeingia nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wamama hatuwezi kulipita. Korali ile ilikuwa ya wanaume tu, wavulana na walimu wao. Wasichana hawakuwamo. Na wimbo wa kumlilia maiti, wimbo wa kumtuliza mtoto, wimbo wa kutwanga sombe, nyimbo hizo hulindwa na nani nyumbani? Mvulana aliyesimama mbele ya wazungu Ulaya na kuimba alikuwa amesikia nyingi kati yake akiwa mgongoni mwa mama yake. Leo darasa lina wasichana na wavulana, na tunasema saa ya nyimbo ikirudishwa irudishwe kwa wote.

Tusidhani pia kwamba mambo ya imani shuleni yamekuwapo daima bila kuguswa. Wale kati yetu waliosoma wakati wa Mobutu wanakumbuka. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa, na somo la dini likaondolewa kwenye ratiba. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa tangu 1972. Haikudumu. Shule zilikuwa zinaanguka, na tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa wakatia sahihi mapatano: shule ni za serikali, lakini makanisa yanaziongoza. Kutoka hapo ndipo tunapata shule zetu za Katoliki kama zilivyo leo, zenye programu ya taifa na zenye dini. Katika programu hiyo ya taifa, nyimbo, kuchora, kazi za mikono na mchezo ni masomo yanayopewa pointi. Mwalimu anayeyafundisha hatufanyii hisani, na mzazi anayeyauliza haombi zawadi.

Upande wa Kanisa nao uko wazi. Tarehe 1 Novemba 1973 Roma ilitoa maagizo juu ya misa pamoja na watoto. Yanasema kuimba kupewe nafasi kubwa katika misa hizo, na watoto wenyewe wapige vyombo vya muziki wakiweza. Kwa hiyo misa ya shule ambayo watu wakubwa wanaimba na watoto wanakaa kimya wakikunja mikono, hata ikiwa na utaratibu mzuri, haijafika kule Kanisa lenyewe lilikotaka ifike.

Wengi wa watoto wetu wako katika Kizito-Anuarite. Humo wanajifunza juu ya Kizito, kijana wa miaka karibu 14 aliyechomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, na juu ya Anuarite, sista wetu aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri hapa nchini, Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Mtoto akielezewa habari hizo kwa maneno matupu, jioni amesahau. Mpe aziimbe, mpe achore Namugongo kwa makala ukutani, mpe awe Kizito katika mchezo mbele ya rafiki zake. Tumeona mtoto ambaye darasani hafungui kinywa akisimama mbele ya parokia nzima na kusema maneno yake yote bila kukosa hata moja. Baadaye mwalimu alimkuta anainua mkono hata kwenye hesabu.

Sasa tufanye nini? Ngoma ya kununua ni bei. Lakini bidoni tupu, kopo la maziwa lenye punje za mahindi ndani, na ubao uliokauka vizuri vinatosha kumfundisha mtoto wa mwaka wa pili kupiga na kungoja zamu yake. Kungoja zamu ndiko kugumu, na kunamsaidia pia kwenye kusoma kwa sauti. Mama anayejua wimbo mmoja wa kwao, wa Kiluba, wa Kasai, wa Kisanga, hata wa Kilingala cha askari, anaweza kuongea na direkta na kuja kuufundisha nusu saa. Kwa darasa la mwaka wa sita hatuombi saa nyingi. Tunaomba ile moja iliyo kwenye ratiba isiguswe, hata karibu na mtihani.

Tuna ombi moja la haraka kuliko yote. Mtoto aliyekuwa na miaka tisa mwaka 1958 leo ni kambo mzee sana. Labda yuko mjini, labda huku Base nyumba ya tatu kutoka kwako, anaota jua na hakuna aliyewahi kumwuliza. Ulizeni jamaa zenu. Ulizeni kama kuna picha, kama kuna mtu aliyemsikia baba au mjomba akisema alisafiri Ulaya kuimba alipokuwa mdogo. Kwenye mkutano wa Jumamosi mwandishi wetu atakuwa na kaye mpya. Ukurasa wa kwanza tumeuachia majina ya watoto wa korali ile, na hata ukileta jina moja tu, lije.