Kutoka Kabanga hadi Giheta: Njia ya Halali ya Kulifikisha Nyumbani Gari Ulilonunua



Askari anapolisimamisha gari lililonunuliwa karibuni kwenye barabara ya Muyinga, Karusi na Gitega, dereva huharakisha kutoa karatasi: ya mauzo, ya bandari, ya forodha. Askari mwenye uzoefu huzipokea kwa heshima, kisha huomba boneti ifunguliwe. Anatafuta namba ya chasisi. Namba hiyo iliyogongwa kwenye chuma ndiyo jina la gari, na ikiwa hailingani na karatasi, basi karatasi hizo, hata ziwe na mihuri mingi kiasi gani, ni za gari jingine.

Naandika makala haya kwa sababu wengi wa wanaofika mbele yetu na gari lenye matatizo si wezi. Ni wakulima, walimu na wafanyabiashara wadogo waliotoa fedha zao halali kununua kitu ambacho njia yake ya kuingia nchini haikuwa halali.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu mmoja bali nimeuunganisha kutokana na mambo yanayotufikia kazini. Ndugu watatu wa kilima kimoja cha Giheta wanachanga fedha za kahawa na za ng'ombe wawili waliouzwa. Wanataka Probox ya kubeba watu na mizigo hadi soko la Gitega. Wanaambiwa iko moja Ngara, ng'ambo ya mpaka, yenye plaki za Tanzania na bei nafuu, na mwenyewe yuko tayari kuandika hati ya mauzo papo hapo mbele ya mashahidi. Wanalipa, wanapewa ufunguo, na gari linavushwa usiku kwa njia ya panya. Miezi minane linafanya kazi vizuri. Mwezi wa tisa linasimamishwa, na siku hiyo familia tatu zinabaki bila gari na bila mtaji.

Walikosea wapi? Kwanza, waliamini kwamba hati ya mauzo ndiyo inayohamisha gari. Hati hiyo inathibitisha tu kwamba fedha zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine. Gari lililosajiliwa Tanzania hubaki katika daftari la Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo, TRA, kwa jina la mwenye kadi, hadi usajili ufutwe na plaki zirudishwe. Ukiondoka na plaki zile, umeondoka na gari ambalo kwa maandishi bado ni la mwingine, na mwingine huyo akiamka kesho akadai kwamba ameibiwa, wewe ndiye utakayetakiwa kujieleza.

Pili, walidhani kwamba kwa kuwa Burundi na Tanzania zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2007, gari huvuka kama mtu anavyovuka kwenda kumwona shangazi yake. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zinazotoka katika nchi wanachama, kwa masharti ya asili ya bidhaa. Gari lililotengenezwa Japani haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa kukaa Ngara miaka mitano. Lazima litangazwe forodhani Kobero, na Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, ndiyo itakayosema kinachodaiwa.

Kuna wanaosema, "Lakini mbona naona magari ya plaki za Tanzania yakitembea Muyinga kila siku?" Ni kweli. Hayo ni ya wageni waliopewa ruhusa ya muda, ambao wataondoka nayo. Ruhusa hiyo haimfai mkazi wa Burundi aliyenunua gari ili alitumie hapa. Mkazi anayezungusha gari kwa ruhusa iliyotolewa kwa jina la mgeni amefanya kosa la forodha, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu gari lililoingizwa kwa magendo kutaifishwa, hata kama mnunuzi alilipa bei yote.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi, kwani haliponywi kwa kulipa ushuru: hawakujua kama gari liliibwa. Burundi, kama nchi nyingine, ina Ofisi Kuu ya Kitaifa ya Interpol, na Interpol ina hifadhi ya kumbukumbu za magari yaliyoibwa ambayo hutafutwa kwa namba ya chasisi. Nchi za kanda hushirikiana pia kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioanzishwa mwaka 1998. Gari likionekana katika kumbukumbu hizo hurudi kwa mwenyewe, na mnunuzi hubaki kumtafuta aliyemuuzia, ambaye aghalabu simu yake haipatikani tena. Kwa hiyo namba ya chasisi ichunguzwe kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na ombi hilo. Anayekuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine njiani, mwache amuuzie huyo mteja mwingine.

Hapa niseme jambo dogo linalowachanganya wengi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Namba yake ni fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, kisha namba ya mfululizo. Probox nyingi za zamani, kwa mfano, huanza na NCP51. Ufupi huo si dalili ya udanganyifu. Dalili ya kutiliwa shaka ni chuma kilichokwaruzwa au kuchomelewa upya mahali namba ilipo, rangi mpya iliyopakwa hapo peke yake, au kibati kilichofungwa kwa skrubu tofauti na nyingine. Katika Toyota nyingi, namba utaiona kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na chumba cha abiria. Ichukue picha kwa simu, kisha uisome herufi kwa herufi ukiwa umeshika karatasi.

Wanaonunua gari kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam wana njia ndefu lakini iliyo wazi zaidi. Gari hutoka Japani na cheti kinachoonyesha kwamba usajili wake umefutwa ili lisafirishwe nje, pamoja na hati ya shehena ya meli. Hakikisha hati ya shehena ina jina lako, au la mtu unayeweza kumfikia, na kwamba imeandikwa kuwa mzigo unapita kwenda Burundi. Jina la mtu usiyemjua, ambaye wakala anasema "ni kawaida tu", litakusumbua hadi siku ya kuomba karte roze.

Kutoka bandarini, gari husafiri kama mzigo wa kupita, yaani yale yanayoitwa huko magari ya IT. Litatembea kwa magurudumu yake zaidi ya kilomita elfu moja, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama hadi Ngara, lakini kisheria bado ni mzigo ulio chini ya forodha. Wakala ameweka dhamana kwamba litatoka Tanzania. Lisipotoka katika muda ulioandikwa kwenye hati, dhamana hudaiwa, na wakala atakudai wewe. Ndiyo maana haliruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, wala kuachwa kwa rafiki mjini Kahama wiki mbili, wala kuuzwa njiani. Dereva uliyemkodi akijaza abiria ili apate fedha za mafuta, ajali ikitokea, mzigo huo wa lawama na wa fidia utakufuata hata ukiwa umelala Giheta. Muulize pia juu ya bima. Kadi ya Njano ya COMESA hukubaliwa Tanzania, ingawa nchi hiyo ilijitoa COMESA mwaka 2000, na hukubaliwa kwetu pia.

Mpakani kuna kituo kimoja cha pamoja. Anayetoka Tanzania hasimami mara mbili: hupita Kabanga na kusimama Kobero, katika tarafa ya Butihinda, ambako maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja. Hapo mambo mawili hufanyika, na wengi hulikumbuka la pili tu. La kwanza ni upande wa Tanzania kuandika kwamba gari limetoka, ili dhamana ifungwe. La pili ni tangazo la kuingiza gari Burundi, kwa namba yako ya mlipakodi, NIF, kupitia wakala wa forodha anayetambuliwa. Kodi huhesabiwa kwa thamani ya gari ikijumlishwa na gharama za usafiri na bima. Hivyo bei ya mnada wa Japani uliyoiona kwenye simu si msingi wa kutosha wa kupanga bajeti. Kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 18, na huja juu ya ushuru. Mwombe wakala makadirio ya maandishi kabla ya kutuma fedha Japani.

Fedha hizo hulipwa kwa utaratibu wa OBR na hutolewa stakabadhi. Naandika haya nikiwa ofisa wa polisi, na nayaandika waziwazi: hakuna askari wa barabarani mwenye haki ya kupokea ushuru wa forodha, si Kobero, si Muyinga, si Karusi. Fedha unayompa mtu kando ya njia "ili upite" hainunui karatasi yoyote, na kituo kinachofuata kitakuuliza swali lile lile.

Baada ya kodi hufuata ukaguzi wa ufundi, bima, plaki na karte roze kwa jina lako. Isiwe kwa jina la wakala wala la shemeji aliyekusaidia Bujumbura. Kama mmechanga watatu, kubalianeni kwa maandishi jina la nani litaandikwa, na wawili wengine wawe na hati inayoonyesha hisa zao. Nimeona ndugu waliokula sahani moja wakifikishana mahakamani kwa sababu ya jambo hili.

Kabla ya ukaguzi, mwone fundi kuhusu taa za mbele. Japani na Tanzania huendesha kushoto, sisi kulia. Taa za gari la Japani zimepangwa kumulika zaidi upande wa kushoto, ambako kwao ni ukingoni mwa barabara. Kwetu upande huo ndiko anakotoka mwenzako, na utampofusha usiku. Tena, ukishavuka Kobero, usukani wako wa kulia unakuweka ukingoni, huoni mbele ya lori hadi nusu ya gari iwe imeshaingia katika njia ya wanaokuja. Kwenye miteremko ya Karusi, ambako malori hupanda polepole na waendesha baiskeli hushuka na mikungu ya ndizi, mketishe mbele, kushoto kwako, mtu aliye macho, na usilipite lori kabla hajakuambia kwamba njia ni nyeupe.