Baba Anauliza: Mwanangu Yuko Wapi?



Juzi katika darasa letu la kisomo tulitazama filamu ukutani. Filamu hiyo inaitwa A Dry White Season, nayo ilitengenezwa mwaka 1989. Watu wake wanasema Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa naisimamisha kila mara ili nieleze. Ilipokwisha, mama mmoja aliuliza, "Mwalimu, huyu baba angenyamaza, si angekuwa hai?"

Basi, darasa likawaka moto. Wengine walisema mama ana haki, wengine wakasema hapana. Saa ya kufunga ilifika watu bado wanabishana. Nimeona niandike habari hii, ili hata wewe ambaye hukuwapo uijue, kisha utoe jibu lako.

HADITHI HII INATOKA WAPI?

Inatoka Afrika ya Kusini, wakati wa utawala wa Makaburu. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto, karibu na mji wa Johannesburg, waliandamana. Walikuwa wanakataa kufundishwa masomo kama hesabu kwa lugha ya Makaburu. Polisi waliwapiga risasi. Mmoja wa waliokufa siku hiyo ni mtoto wa miaka 12, Hector Pieterson. Machafuko yakaenea nchi nzima. Tume iliyoundwa na serikali ile ile ya Makaburu ilihesabu watu 575 waliokufa mpaka mwanzoni mwa mwaka 1977. Wengi wao waliuawa na polisi.

Vijana wengi waliikimbia nchi yao. Baadhi yao walifika hapa Tanzania, wakasoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya chama cha ANC. Huenda wazee wa huko wanawakumbuka mpaka leo.

Mwaka 1979 mwandishi André Brink, ambaye mwenyewe alizaliwa Kaburu, alitoa kitabu juu ya siku zile. Mwanzoni serikali ilikipiga marufuku. Miaka kumi baadaye Euzhan Palcy, mama mweusi kutoka kisiwa cha Martinique, alikigeuza kitabu hicho kuwa filamu. Watu wa hadithi ni wa kubuni. Lakini mambo yaliyowapata ni mambo yaliyokuwa yanatokea kweli.

BABA NA MAMA WANATAFUTA MTOTO

Gordon Ngubene ni mtunza bustani wa mwalimu mmoja mzungu, Ben du Toit. Gordon na mkewe Emily wana mtoto anayesoma, Jonathan. Siku moja polisi wanamkamata Jonathan na kumchapa viboko bila kosa. Gordon anamwomba tajiri wake amsaidie. Ben anamjibu kwamba yaliyopita yamepita, tena eti polisi hawampigi mtu bure.

Halafu yanakuja maandamano ya Soweto. Jonathan haonekani tena nyumbani. Wazazi wanahangaika huku na huko. Mwishowe wanaambiwa kwamba mtoto alikufa kwa risasi siku ya maandamano, tena amekwisha zikwa. Maiti hawapewi. Kaburi hawaonyeshwi.

Hebu jiweke wewe mahali pao. Umezaa, umelea, umelipa ada. Leo unaambiwa mtoto amezikwa, wala hujui ni wapi!

Gordon hakubali. Anaanza kuwatafuta watu waliomwona mtoto wake baada ya siku ile. Anataka maneno yao yaandikwe. Polisi wanapata habari. Wanamkamata na kumtesa, naye anafia mikononi mwao. Polisi wanasema amejinyonga. Emily anabaki mjane.

KWA NINI HAKI ILIKUWA NGUMU?

Kwanza, sheria yenyewe ilikuwa mbaya. Sheria ya mwaka 1967 iliwaruhusu polisi kumweka mtu ndani bila mashtaka, bila wakili, na bila kikomo cha siku. Ndugu zake hawakuwa na njia ya kujua kama yu hai au amekufa.

Pili, mashahidi walitishwa. Mtu anaona jambo kwa macho yake, lakini anafikiri, "Nikisema, kesho ni zamu yangu."

Tatu, aliyeshukiwa ndiye aliyechunguza. Hapo ngoma ni nzito. Fisi akipewa kazi ya kutafuta mbuzi aliyepotea, mbuzi ataonekana lini?

Katika filamu kuna mahakama ya uchunguzi wa kifo. Mahakama ya namna hii haianzi kwa kumshtaki mtu. Kazi yake ni kutafuta jibu la swali moja: mtu huyu amekufaje? Wakili wa upande wa wazazi anaonyesha wazi kwamba maneno ya polisi hayashikani. Hata hivyo hakimu anaamua kwamba Gordon alijiua mwenyewe. Kwisha.

NGUVU YA KARATASI

Sasa Ben, yule mwalimu aliyesema yaliyopita yamepita, anafunguka macho. Anashirikiana na dereva wa teksi, Stanley. Wanapita kwa watu, mmoja mmoja, wakikusanya hati za viapo. Hati ya kiapo ni maelezo ya mtu yaliyoandikwa, akaapa kwamba ni ya kweli, akatia sahihi.

Polisi wanazitafuta karatasi hizo kwa udi na uvumba. Hata binti yake Ben anamsaliti baba yake. Lakini mtoto wake mdogo wa kiume anasimama na baba, na karatasi zinafika kwenye gazeti. Ben anagongwa kwa gari na ofisa wa polisi, anakufa. Karatasi zimebaki.

JE, JAMBO HILI LILITOKEA KWELI?

Ndiyo, yako mengi yanayofanana nalo. Mwalimu Ahmed Timol, mwenye miaka 29, alikamatwa mwaka 1971. Alianguka kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi Johannesburg, akafa. Mwaka 1972 hakimu aliamua kwamba alijiua. Wazazi wake hawakuamini. Mwaka 1996, baada ya utawala wa Makaburu kuanguka, mama yake mzazi alieleza uchungu wake mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Mpwa wa marehemu aliendelea kutafuta ushahidi. Mwaka 2017 jaji aliamua kwamba Timol hakujiua, aliuawa. Miaka 46 ilikuwa imepita, na mama alikuwa amekwisha fariki. Polisi mstaafu mmoja alishtakiwa mwaka 2018, akafa mwaka 2021 kabla kesi haijafika mwisho.

Haki ilichelewa mno. Lakini leo hakuna anayeweza kusema tena kwamba mwalimu yule alijiua.

NA KWETU JE?

Polisi ni watu wetu, na wanatulinda. Lakini wao pia wako chini ya sheria. Sheria yetu ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka kifo cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi au gerezani kichunguzwe. Kuuliza si uasi. Ni haki ya mzazi.

Likikupata jambo kama hili, usiende kwa fujo. Fanya hivi:

1. Andika tarehe, saa na mahali.
2. Andika majina ya walioona.
3. Omba maelezo ya daktari kwa maandishi.
4. Peleka malalamiko yako kwa barua, ubaki na nakala. Nakala nyingine iweke kwa ndugu unayemwamini.
5. Tafuta msaada wa kisheria. Pia waweza kuipelekea habari Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Sasa nimjibu mama yetu. Mama, ni kweli, Gordon angenyamaza labda angeishi. Lakini angeishi bila kujua mwanawe amelala wapi, na waliomwua wangemfuata mtoto wa jirani. Kosa halikuwa la yule aliyeuliza. Lilikuwa la wale waliomwacha aulize peke yake. Ben angemsikiliza siku ile ya viboko, pengine mambo yasingefika huko.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Daftari unalo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Ben alikataa kusaidia mwanzoni?
2. Mashahidi wakiogopa, kijiji kifanye nini ili wasiachwe peke yao?
3. Wewe ungemjibuje yule mama?