Ndoa Haitoshi Bila Hati

Sisi tunaokaa Mwanza tumezoea kuona ziwa likiunganisha watu. Kijana wa Ukerewe huoa Uganda, na binti wa Sengerema huolewa Kenya.

Lakini Julai 2013 Rais Kikwete aliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, jirani zetu. Maelfu walivuka mpaka. Miongoni mwao walikuwamo wake waliotenganishwa na waume zao Watanzania, na akina mama walioacha watoto nyuma.

Ni rahisi kudhani kuwa cheti cha ndoa kinatosha. Sivyo. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania hana budi kuomba uraia. Mume mgeni wa Mtanzania huomba kama mgeni mwingine yeyote.

Mama mwenzetu, leo jioni fungua sanduku pamoja na baba watoto. Tazameni cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na vibali. Kinachokosekana, kishughulikieni kabla hamjapigiwa hodi. Tuliapa kutotengana, tusitenganishwe na karatasi.