Kitunguu cha Bustanini: Siri Iko Kwenye Maji

Huku kwetu Pwani ni nadra kukuta mchuzi usioanza na kitunguu. Bei yake ikipanda, tunalia kabla hata ya kukimenya. Vingi tunavyonunua sokoni Kongowea au kwa mama mboga mtaani vimetoka mbali: Mang'ola kule Karatu, Tanzania, au huku kwetu Taveta na Kieni. Mashamba ya huko yakiharibika, au malori yakichelewa njiani, sisi hununua kitunguu kimoja kidogo kwa bei ya viwili.

Nilipochoka na hali hiyo niliamua kulima mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilishindwa mara mbili, nikafaulu mara ya tatu. Makosa yangu yote mawili yalikuwa ya maji.

Mara ya kwanza nilimwagilia maji ya kisima. Majani yalikauka ncha, miche ikadumaa, nami nikazidi kumwaga maji nikidhani ni kiu. Mzee jirani alipita akanitazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeyaonja hayo maji?" Niliyaonja, yakawa na chumvi. Sisi tumezoea kuyaogea na kuyafulia, lakini kitunguu ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi. Kama kisima chako ni hivyo, kinga maji ya mvua au tumia ya mfereji.

Msimu uliofuata nilianza upya. Nilinunua mbegu za Red Creole. Bombay Red pia inafaa. Huku karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na kuna aina za nchi za baridi zinazohitaji mchana mrefu zaidi ndipo zitunge kitunguu. Ukizipanda hapa utapata majani tu. Angalia pia tarehe kwenye pakiti, maana mbegu ya kitunguu haikai sana kabla ya kupoteza uhai. Na kile kitunguu kilichochipua jikoni, ukikifukia kitakupa majani na maua, si kitunguu kikubwa.

Mimi husia kitaluni mwanzo wa Oktoba, na baada ya wiki 6 au 7 huhamisha miche ikiwa na unene wa penseli nyembamba. Hivyo vitunguu hukomaa kwenye jua la Februari na Machi, kabla ya masika. Udongo wetu wa mchanga haushiki maji, kwa hiyo changanya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Acha sentimita 10 kati ya miche na 20 kati ya mistari. Tuta la mita 1 kwa 3 hubeba miche kama 150. Usiifukie sana: kitunguu hupenda kukaa juu ya udongo, mizizi tu ndiyo iwe chini. Mizizi hiyo haiendi mbali, basi mwagilia kidogo kidogo lakini mara kwa mara, na palilia kwa mkono.

Kosa la pili lilikuwa mwishoni. Tuta lilipendeza, nami nikamwagilia hadi siku ya kuvuna. Niling'oa, nikatia vyote kwenye mfuko wa plastiki, nikauweka chini ya meza. Haikupita wiki mbili nyumba ikaanza kunuka. Vilikuwa vimeoza kuanzia shingoni.

Sasa nangoja majani yenyewe yaonyeshe. Shingo ikilegea na zaidi ya nusu ya majani yakalala, naacha kabisa kumwagilia. Baada ya wiki moja hivi nang'oa, kisha natandaza kivulini penye upepo kwa siku 10 hadi 14. Si juani, kwa sababu jua letu hukiunguza. Shingo ikikauka kabisa nakata majani, naacha kama sentimita 2, na kuning'iniza kwenye wavu. Kwa unyevu wa hapa Pwani, kagua kila wiki na utoe kinacholainika. Mwaka huo nilipata kama 110 vizuri. Kwa nyumba inayotumia viwili kwa siku, hiyo ni karibu miezi miwili bila kwenda dukani.

Hata jikoni, maji ndiyo huamua. Kitunguu kilichotoka kung'olewa kina maji mengi. Ukikikaanga kwa ajili ya pilau kitatoa jasho na kuchelewa kugeuka rangi, na pilau yako itatoka nyeupe. Kwa pilau na biriani tumia kilichokaushwa vizuri, ukate vipande vyembamba vilivyo sawa, na usijaze sufuria. Kile kibichi ndicho cha kachumbari: kikate, kivuruge kwa chumvi, kisuuze, kikamue, kisha tia nyanya, ndimu na pilipili. Majani ya miche uliyopunguza tutani usiyatupe. Yakatekate utie kwenye mayai au kwenye mchicha wa nazi dakika ya mwisho.

Ukitaka kujaribu, anza na tuta moja dogo. Lakini kabla hujanunua mbegu, chota maji ya kisima chako uyaonje. Mimi ningefanya hivyo mapema, ningeokoa msimu mzima.