Jina Lililodumu Kuliko Wenye Nalo: Habari za Malori ya Mack

Katika nchi ya Marekani, mtu akitaka kusifu kitu kwa uimara wake husema kimeundwa kama lori la Mack. Msemo huo hutumiwa hata na watu ambao hawajapata kupanda lori maishani mwao. Si makampuni mengi ya biashara ambayo majina yao yameingia katika mazungumzo ya kila siku namna hiyo. Walakini ndugu waliolipa lori hilo jina lao hawakukaa na kampuni yao kwa muda mrefu. Ilipotimia miaka ishirini tangu waanze kazi, mamlaka yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwa wengine. Basi yafaa tueleze jinsi kazi hiyo ilivyoanza, jinsi ilivyopata sifa, na kwa nini jina lilibaki wakati wenyewe walipokuwa wamekwisha kuondoka.

WATENGENEZAJI WA MAGARI YA FARASI

John Mack, ambaye watu wote walimwita Jack, alizaliwa mwaka wa 1864 katika jimbo la Pennsylvania, akakulia shambani. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minne alitoroka nyumbani akaenda kutafuta kazi ya kuongoza magari ya kukokotwa na wanyama. Hatimaye aliajiriwa katika karakana moja ya Brooklyn, katika jiji la New York, iliyokuwa ikitengeneza magari ya farasi. Mwaka wa 1893 yeye na ndugu yake Augustus waliinunua karakana hiyo.

Waliinunua katika wakati mbaya. Mwaka huo huo Marekani ilipatwa na msiba mkubwa wa fedha. Mabenki mengi yalifungwa, na watu wachache tu waliweza kuagiza gari jipya. Kwa hiyo ndugu hao, pamoja na ndugu yao wa tatu, William, waliyekuja kushirikiana naye mwaka uliofuata, walishika zaidi kazi ya kutengeneza magari yaliyoharibika, huku wakijaribu kuunda gari litakalokwenda bila farasi. Walijaribu nguvu ya mvuke, wakajaribu na ya umeme, wala hawakufanikiwa. Hata hivyo miaka hiyo haikupita bure. Fundi anayeunda kitu kipya huenda asijue kitavunjika wapi. Bali yule anayeletewa vitu vilivyovunjika kila siku hujua udhaifu wa kila ekseli na kila springi. Ndugu wa jamaa ya Mack walijifunza somo hilo kwa mikono yao.

Kwa mujibu wa historia inayosimuliwa na kampuni yenyewe, motokaa yao ya kwanza iliyouzwa ilikuwa basi la mwaka wa 1900, lililowachukua watu waliokwenda kutembea katika bustani ya Prospect Park huko Brooklyn. Inasimuliwa pia kwamba basi hilo lilipokwisha kuchoka kubeba watu liligeuzwa kuwa lori, likaendelea kubeba mizigo kwa miaka mingine mingi.

Mwaka wa 1905 kazi ilikuwa imeizidi nafasi ya Brooklyn. Ndugu hao wakahamia Allentown, mji wa Pennsylvania ulio karibu na Bethlehem, ambako chuma cha pua kilikuwa kikifuliwa kwa wingi. Hapo waliandikisha kampuni kwa jina la Mack Brothers Motor Car Company, nao ndugu wote watano wakashiriki katika kazi. Kwa miaka michache magari yao yaliuzwa kwa jina la Manhattan, kisha jina la Mack likashika mahali pake.

FEDHA ZA WENGINE

Hapa ndipo palipo na jambo la kufikiriwa na kila mtu mwenye biashara inayokua. Kuunda malori makubwa kwataka fedha nyingi: mashine, chuma, majengo, na mishahara ya mafundi kabla lori moja halijauzwa. Fedha hizo ndugu wa Mack hawakuwa nazo. Mwaka wa 1911 kampuni yao iliunganishwa na nyingine iliyokuwa ikiunda malori ya Saurer, yenye asili ya Uswisi, na shirika jipya likaitwa International Motor Company. Mtaji ulitoka kwa wenye mabenki wa New York. Mwaka uliofuata kampuni ya mhandisi Edward Hewitt iliingizwa pia.

Mwenye fedha ndiye mwenye neno. Ndugu walioanzisha kazi waliona kwamba mashauri makubwa sasa yanakatwa na watu wengine, na Jack Mack mwenyewe akaondoka muda mfupi baadaye. Alikufa mwaka wa 1924 katika ajali ya motokaa huko huko Pennsylvania. Lakini wenye mabenki, pamoja na uwezo wao wote, hawakuthubutu kulifuta jina lake. Saurer na Hewitt ndiyo majina yaliyotoweka katika malori ya kampuni hiyo; Mack likabaki, kwa kuwa ndilo wanunuzi walilolitaka.

LORI LENYE PUA YA MBWA

Lori lililoieneza sifa ya Mack duniani lilitolewa mwaka wa 1916, nalo liliitwa AC. Umbo lake halikuwa la kupendeza macho. Boneti yake iliteremka kama paa la kibanda, na rejeta, yaani chombo cha kupozea maji ya injini, haikuwekwa mbele kama ilivyo desturi bali nyuma ya injini. Jambo hilo lilikuwa na maana. Lori likigonga ukuta au mti, chombo hicho kilisalimika, na gari likaweza kurudi nyumbani kwa nguvu zake lenyewe.

Tena magurudumu ya nyuma yalizungushwa kwa minyororo, mfano wa baiskeli, lakini minyororo minene sana. Watu wengine waliona huo ni utaratibu wa kizamani. Lakini katika njia mbovu na chini ya mzigo mzito, mnyororo ukikatika dereva aliweza kuuona na kuutengeneza palepale, ilhali ekseli ikivunjika ndani ya nyumba yake ya chuma ni kazi ya karakana na siku nyingi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maelfu ya malori ya AC yalipelekwa Ulaya kwa majeshi ya Uingereza na ya Marekani. Yasemekana kwamba askari wa Uingereza, walipoiona pua ile fupi iliyokunjamana na jinsi gari lilivyojikokota katika matope bila kukata tamaa, walilifananisha na buldogi, mbwa ambaye Waingereza humhesabu kuwa mfano wa ushupavu. Jina hilo likashika. Mwaka wa 1922 kampuni ilibadili jina ikawa Mack Trucks, na mbwa huyo akawa alama yake. Lori la AC liliendelea kuundwa hata mwaka wa 1938, na zaidi ya malori 40,000 ya aina hiyo yalitoka kiwandani. Mengine yalifanya kazi katika jangwa la magharibi, kuanzia mwaka wa 1931, wakati lilipojengwa lile boma kubwa la kuzuia maji ya mto Colorado liitwalo Hoover Dam.

Sanamu ya mbwa inayokaa juu ya boneti ina habari zake. Mwaka wa 1932 Alfred Masury, mkuu wa wahandisi wa kampuni, alikuwa amelazwa hospitali baada ya kupasuliwa. Mtu aliyezoea kazi hawezi kukaa na mikono mitupu. Akachukua kisu akachonga mbwa. Mchongo huo ndio uliofanywa kielelezo cha sanamu zote zilizofuata. Masury hakupata kuishi aone jinsi zitakavyoenea. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili, 1933, alikuwa abiria katika chombo cha kurukia angani cha jeshi la maji la Marekani kilichoitwa Akron, nacho kikaangushwa na dhoruba baharini karibu na jimbo la New Jersey. Watu 76 walikuwa ndani. 73 walikufa, naye akiwa mmoja wao.

KUTEGEMEA MAFUNDI WAKE

Kampuni nyingi za malori ya Marekani zilikuwa na desturi ya kununua injini kwa mtu mmoja, giaboksi kwa mwingine, na ekseli kwa wa tatu, kisha kuviunganisha. Mack ilipenda kuunda yenyewe vile viungo vilivyo vikubwa. Mwaka wa 1938 ilitoa injini ya dizeli iliyoundwa na mafundi wake. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ilitoa malori makubwa zaidi ya 35,000, mengi yao ya kuvuta mizinga na kubeba vitu vya vita. Baadaye, kati ya mwaka wa 1953 na 1966, lilitoka lori la aina ya B, lenye boneti ya mviringo, ambalo liliundwa zaidi ya 127,000. Mpaka leo kuna watu Marekani wanaoyatunza malori hayo kama vito.

Jambo moja la ufundi lastahili kuelezwa, maana kila dereva aliyepanda mlima na mzigo atalifahamu. Injini ya kawaida ya dizeli ya siku hizo ilitoa nguvu zake zote katika mwendo mmoja tu wa kuzunguka. Ikipungua kidogo, nguvu zikaanguka. Kwa sababu hiyo dereva alihitaji gia nyingi, kumi au zaidi, na mkono wake haukupumzika kilimani. Katika miaka ya 1960 Mack ilitoa injini iliyoitwa Maxidyne, ambayo nguvu zake hazikupungua sana hata ilipozunguka polepole. Gia tano zikatosha. Kazi ya dereva ikawa nyepesi, na mashine nayo ikapunguziwa mateso.

MGEMA ALIPOSIFIWA

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hatusemi kwamba malori ya Mack yalitiwa maji. Lakini sifa peke yake haikuilinda kampuni. Mwaka wa 1967 iliingia katika milki ya kampuni ya mafuta iliyokuja kujulikana kwa jina la Signal. Katika mwaka wa 1979 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilianza kununua hisa zake. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu: viwanda vilikuwa vimezeeka, mashindano yakawa makali, na hasara ikaja juu ya hasara.

Waliolipa gharama kubwa ni wafanyakazi. Wakuu wa kampuni waliwataka wakubali masharti mapya ya malipo. Chama cha wafanyakazi kikakataa. Mwaka wa 1987 kiwanda kikuu cha Allentown kilifungwa, na kingine kikafunguliwa mbali kusini, huko Winnsboro katika South Carolina, ambako mishahara ilikuwa ya chini. Kulikuwa na jamaa za Allentown ambazo baba na wana walikuwa wameshika kazi hiyo hiyo. Wakaona malango yakifungwa. Lakini kiwanda cha kusini nacho hakikudumu. Kilifungwa mwaka wa 2002, baada ya miaka kumi na mitano tu, ilhali kile cha Macungie, mji mdogo ulio jirani na Allentown, kilichofunguliwa mwaka wa 1975, kiliendelea na kazi. Kazi ilitafutwa mbali kwa ajili ya urahisi wa bei, na mwishowe mahali palipodumu ni pale pa karibu, penye mafundi wazoefu.

Renault iliinunua kampuni yote mwaka wa 1990, na mwaka wa 2001 Mack ikapita mikononi mwa Volvo ya Uswidi. Mwaka wa 2009 makao makuu yalihamishwa kutoka Allentown kwenda Greensboro katika North Carolina. Hata hivyo malori yanaendelea kuunganishwa Macungie, na Allentown kuna nyumba ya makumbusho ambamo malori ya zamani yamehifadhiwa pamoja na habari zake.

LA KUZINGATIWA

Basi msomaji aweza kuuliza: kampuni iliyopita kwa wenye mabenki, kwa watu wa mafuta, kwa Wafaransa, kisha kwa Waswidi, ni ya nani hasa? Kwa sheria ni ya mwenye hisa. Lakini kila mmoja wa hao alipoinunua alilipa fedha kwa sababu ya jina, na jina hilo hakulitengeneza yeye. Lilitengenezwa na vijana wawili waliojifunza kazi kwa kutengeneza vilivyovunjika, na mhandisi aliyeficha rejeta nyuma ya injini isipasuke, na maelfu ya mafundi wa Allentown ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Mkulima anayeuza kahawa safi mwaka baada ya mwaka, na karani ambaye hesabu zake hazina shaka, wanajenga kitu cha namna hiyo hiyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shamba laweza kugawanywa na ofisi yaweza kupata mkubwa mwingine, lakini sifa ya kazi njema hukaa muda mrefu kuliko mwenye kuifanya. Yafaa pia kukumbuka upande wa pili wa habari hii: ndugu wa Mack walipata sifa, lakini hawakuweza kuishika kampuni, kwa kuwa mtaji haukuwa wao. Mwenye kukopa ili akuze kazi yake na asome kwanza kila neno la mapatano, ajue ni nani atakayekuwa na sauti siku ya kukata shauri.