KUPA NA KURUDISHA: THAMANI KATI YA FANKSHENI ZA MWANAFUNZI ANAYEANZA KUANDIKA PROGRAMU

Mwaka 2022 asasi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu za kompyuta kwa shule za msingi na za upili. Istilahi za taaluma hiyo zinafundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi huzikariri bila kuzielewa. Makala hii inashughulikia sehemu moja tu ya somo hilo, ambayo huwasumbua karibu wote wanaoanza: namna fanksheni moja inavyopewa thamani na nyingine, na namna inavyoirudisha. Inadaiwa hapa kwamba sarufi ya Kiswahili inalo tayari jambo ambalo mwanafunzi anatafuta kuelezwa, na kwamba katika suala la kurudisha, Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyafumba katika neno moja.

Ichukuliwe mfano wa mwanafunzi anayetoka Kedowa, kwenye barabara kuu inayotoka Mau Summit kuelekea Kericho. Bibi yake, au kogo kama Wakipsigis wasemavyo, ana shamba dogo la chai. Kila anapochuma, hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai, karani huyapima, hutoa uzito wa gunia, kisha humpa risiti. Mwisho wa mwezi hulipwa kwa kilo. Bibi ana risiti ishirini katika mkoba wake, naye anataka kujua kama fedha alizopokea zinalingana nazo. Mjukuu anaamua kumwandikia programu kwa lugha ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991. Uzito wa gunia na uwe kilo 1, na bei iwe shilingi 25. Tarakimu hizi ni za mfano tu.

def uzito_halisi(kilo, gunia):
    return kilo - gunia

def malipo(kilo, bei):
    return kilo * bei

leo = uzito_halisi(14, 1)
fedha = malipo(leo, 25)

Fanksheni ni kazi ndogo iliyopewa jina, ambayo hufanywa kila inapoitwa. Hapo juu zipo mbili. Ya kwanza inapewa 14 na 1, inarudisha 13. Thamani hiyo inahifadhiwa katika kibadilika kiitwacho leo, kisha inapewa fanksheni ya pili pamoja na bei, nayo inarudisha 325.

Swali la kwanza la mwanafunzi huwa ni hili: kuna tofauti gani kati ya neno kilo lililo ndani ya mabano ya juu na tarakimu 14 iliyo ndani ya mabano ya chini? Tafsiri zinazojitokeza haraka ni kigezo kwa lile la kwanza na hoja kwa la pili, lakini zote mbili hazimsaidii. Kigezo kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni kipimo cha kuamulia jambo, na hoja ni jambo la kujadiliwa. Msaada mkubwa zaidi umo katika sentensi ya kawaida kama Karani alimpa mkulima risiti. Katika kitenzi alimpa, kiambishi -m- si mkulima. Ni nafasi iliyotengwa ndani ya kitenzi kwa ajili ya mtendewa, na nomino mkulima ndiyo inayoijaza nafasi hiyo katika sentensi hii. Kesho kiambishi kilekile kitajazwa na mwalimu au mgonjwa. Vivyo hivyo, kilo katika mstari wa juu ni nafasi, ilhali 14 ndiyo inayoijaza leo. Makala hii itaiita nafasi hiyo kipokezi.

Ulinganifu huu unafafanua pia kwa nini jina kilo limetumika katika fanksheni zote mbili bila mgongano. Kiambishi -m- katika sentensi moja kinaweza kumhusu mkulima na katika nyingine kikamhusu karani. Kipokezi kilo cha fanksheni ya kwanza kinashika 14. Kile cha pili kinashika 13. Ni majina yanayofanana ya vyumba viwili tofauti, na kila chumba hufungwa fanksheni yake inapomaliza kazi.

Mpangilio nao una uzito. Python huvijaza vipokezi kwa kufuata utaratibu wa kutajwa, isipokuwa mwandishi ameandika jina la kipokezi waziwazi. Anayeandika uzito_halisi(1, 14) atarudishiwa hasi 13. Cha kuchekesha ni kwamba malipo(25, 13) itatoa jibu sahihi, kwa kuwa kuzidisha hakujali kipi kimetangulia, na mwanafunzi aliyeanza na mfano wa kuzidisha anaweza kukaa muda mrefu akiamini kuwa utaratibu si kitu.

Tena kuna suala linalofanana na ngeli. Kiambishi -m- hakimpokei kila ajaye: kiti hakiingii humo, kina -ki- yake. Lugha ya programu ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, hudai kila kipokezi kitajiwe aina ya thamani kinayoweza kuipokea. Python haidai hivyo, na uhuru huo una gharama. Kilichoandikwa kwa kibodi huingia katika programu kikiwa matini, si namba. Mwanafunzi akiipa malipo matini "12" na namba 25, Python haitalalamika. Itaandika 12 mara ishirini na tano mfululizo, yaani tarakimu hamsini, fedha ambazo shamba lote la Kericho halijapata kuzalisha. Dawa yake ni kuigeuza matini kuwa namba kabla ya kuitoa.

Sasa kurudisha, ambako ndiko wengi wanakoanguka. Neno return la Kiingereza linabeba matukio mawili kwa pamoja. La kwanza ni programu kurudi mahali ilipokuwa kabla ya kuiita fanksheni. La pili ni fanksheni kurudisha thamani. Kiswahili kinayatofautisha kwa mnyambuliko: rudi haina yambwa, rudisha inaidai. Kihistoria pia ni mambo mawili. Mashine ya EDSAC ilipoanza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwezi Mei 1949, tatizo lililokabili kazi ndogo zinazoitwa kutoka sehemu mbalimbali za programu lilikuwa la kurudi: kazi ikiisha, mashine itajuaje irejee mstari upi? David Wheeler alibuni mbinu ya kuiachia kazi hiyo anwani ya mahali ilipoitwa, na mwaka 1951 yeye na wenzake Maurice Wilkes na Stanley Gill walichapisha kitabu juu ya kuandaa programu kwa njia hiyo. Kurudi, basi, hutokea kila fanksheni inapomaliza. Kurudisha hutokea pale tu mwandishi anapoagiza.

Mwanafunzi wa Kedowa asiyeitambua tofauti hii huandika hivi:

def malipo(kilo, bei):
    print(kilo * bei)

Anaijaribu kwa kilo 13, anaona 325 kwenye kioo, anaridhika. Kisha anajumlisha risiti mbili: malipo(13, 25) + malipo(9, 25). Kioo kinaonyesha 325, kinaonyesha 225, halafu programu inasimama kwa kosa. Alitarajia 550. Kilichotokea ni kwamba fanksheni ilirudi mara mbili bila kurudisha chochote, na pale pasipo kitu Python huweka None, thamani maalumu ya kuonyesha kuwa hakuna thamani. None mbili hazijumlishiki. Amri ya print humwonyesha binadamu. Return huipa sehemu nyingine ya programu. Ni kama karani anayeutangaza uzito kwa sauti pasipo kuandika risiti: waliokuwepo wote wamesikia, na mwisho wa mwezi mkulima hana karatasi ya kuhesabia.

Kosa hilo, hata hivyo, lina huruma, kwa sababu programu husimama. Lililo baya zaidi halisemi neno. Mwanafunzi anaandika uzito_halisi(14, 1) katika mstari wake peke yake, bila jina la kuipokea thamani, kisha mstari unaofuata anaandika malipo(14, 25). Fanksheni ya kwanza ilifanya kazi yake barabara na kurudisha 13, lakini hapakuwa na mkono wa kuipokea, nayo ikapotea. Mwanafunzi alidhani kuwa 14 imegeuka 13 kwa kuwa fanksheni imeitwa. Haikugeuka. Matokeo ni 350 badala ya 325, na kioo hakina alama yoyote ya hitilafu. Kwa risiti ishirini tofauti inafika shilingi 500. Bibi ataamka asubuhi, ataenda kituoni, na mbele ya majirani zake atamwambia karani kuwa fedha zake zimeliwa, ilhali karani alihesabu sawasawa.

Yafaa kuongezwa kwamba return hufanya yote mawili kwa pamoja, kurudisha na kurudi; mistari inayofuata baada yake ndani ya fanksheni, katika njia hiyo hiyo ya utekelezaji, haitafikiwa.

Limebaki suala la kitenzi cha upande wa kutoa. Kupitisha ni tafsiri ya neno kwa neno na inamkumbusha msikilizaji mswada bungeni. Kukabidhi kunapendeza zaidi masikioni, lakini anayekabidhi hubaki mikono mitupu, na hapa sivyo: baada ya malipo kupewa leo, jina leo bado linashika 13. Kitenzi kinachofaa ni kupa. Hudai yambwa mbili, mpewa na kinachotolewa, na ndivyo ilivyo hasa: kuipa fanksheni kilo 14. Tena, aliyempa mwenzake habari hajabaki bila habari.

Kupa huko kunavumilia hata hali ngumu zaidi, ambayo mwanafunzi atakutana nayo atakapoziweka risiti zote ishirini katika orodha moja. Python ikiipa fanksheni orodha, haitoi nakala. Inampa mpewa orodha ileile. Fanksheni ikiongeza risiti ya ishirini na moja, aliyeitoa ataiona, hata kama hakuna kilichorudishwa. Lakini fanksheni ikikiambia kipokezi chake kishike orodha mpya kabisa, orodha ya nje haiguswi. Kuandika katika daftari la bibi ni jambo moja, na kuliweka kando ukafungua lako ni jambo jingine. Hilo la pili halibadilishi hata ukurasa mmoja wa daftari lililo mkobani mwake.